Kumtafuta Bibi Katika Nchi ya Ngamia

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya shajara za jamaa, tukasema ya kwamba nyingi tulizowahi kuonyeshwa ni za wanaume watupu: fulani bin fulani bin fulani, mpaka karatasi ikamalizika, na mama zao hawamo. Mwenye shajara akiulizwa jina la mama wa babu yake, hutazama juu kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza. Tuliahidi kulirudia jambo hilo, na leo twalirudia, ila kwa safari ndefu kidogo. Maana mfano tuliouchagua si wa hapa kwetu. Ni wa Australia, katika nchi kavu ya ndani, zama za ukoloni wa Kiingereza na miaka iliyofuata, walikokaa Waislamu waliokwenda na ngamia. Vitukuu vyao hivi leo wanawatafuta bibi zao, na tabu wanayoipata katika kutafuta yatufundisha mengi kuliko shajara iliyokamilika.

Kwanza tueleze watu hawa ni nani. Australia haikuwa na ngamia hata mmoja. Wa kwanza aliteremshwa bandarini Adelaide mwaka 1840, naye aliteremka peke yake, kwani wenziwe walikufa njiani. Mwaka 1860 waliletwa ngamia 24 kutoka Bara Hindi kwa ajili ya msafara wa Burke na Wills, uliokusudia kuikata nchi ile kutoka kusini hadi kaskazini, na pamoja na ngamia wakaletwa watu wa kuwaongoza. Kisha mwaka 1866 tajiri mmoja, Thomas Elder, akaleta ngamia zaidi ya 120 na waongozaji 31. Tangu hapo mpaka motokaa zilipoishika kazi hiyo katika miaka ya 1920, wakadiriwa kuwa walifika watu baina ya 2000 na 4000. Wao ndio waliopeleka unga, chai, mabati na zana katika mashamba ya kondoo na machimbo ya dhahabu, na kurudi na marobota ya sufu, katika nchi ambayo farasi alikufa kwa kiu.

Waingereza waliwaita wote Waafghani. Wako kweli waliotoka Kabul na Kandahar; lakini wengine walikuwa wa Baluchistan, na wengine wa Peshawar, Punjab na Sind. Jina moja likawafunika wote, na msomaji alikumbuke jambo hili kwani litarudi mbele.

Wanaume hawa walikwenda bila wake. Desturi ilikuwa mkataba wa miaka mitatu, na walioajiri hawakutaka zaidi ya hapo. Lakini si kila aliyeagana na mamaye kwa miaka mitatu hurudi kwa miaka mitatu. Waliobaki wakaoa huko huko: baadhi yao waliwaoa wanawake wa Kizungu, na katika hao walikuwamo wajane na walioachwa na waume, na wengine waliwaoa wanawake wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Katika mji mdogo wa Marree, ambao zamani ukiitwa Hergott Springs, reli ilipita katikati kama ukuta. Upande mmoja walikaa Wazungu na hoteli yao. Upande wa pili walikaa waongoza ngamia na wenyeji wa asili, na msikiti wa udongo, na mitende. Mwanamke wa Kizungu aliyeolewa na Mwislamu aliivuka reli ile na nguo zake, na mara nyingi jamaa zake hawakuivuka kumfuata.

Basi kitukuu wa mwanamke huyo aanze wapi?

Aanzapo kwa jina, hapo hapo hukwama. Sisi twajua ya kuwa mwanamke wa Kiislamu huishi na hufa kwa jina la baba yake. Ndoa haimwondolei ubinti. Desturi ya Kiingereza ni nyingine: mke huliacha jina la baba na kuvaa la mume. Lakini mwongoza ngamia hakuwa na jina la ukoo kama Mwingereza alivyolifahamu. Alikuwa na jina lake tu, pengine na la baba yake, au la sifa. Karani mwenye kuandika daftari alihitaji jina la kujaza katika nafasi ya ukoo, akachukua lo lote lililomsikika mwisho, na kulitia herufi alizozipenda. Mohamed akawa Mahomet mara hii, Mahomed mara ya pili, Mahommed mara ya tatu. Jina la mtu mmoja, alilopewa siku ya akika, likageuka kuwa ukoo wa wajukuu. Na mke akaandikwa chini yake. Kwa hivyo mwenye kumtafuta bibi huyo hana budi kumtafuta chini ya majina manne au matano, na hata moja katika hayo si lake.

Tutoe mfano wa mtu ambaye khabari zake zimekwisha kuchapwa na kujulikana na watu. Bejah Dervish alikuwa Mbaluchi, akasafiri na msafara wa Calvert mwaka 1896 katika jangwa la Magharibi, na watu wawili wa msafara ule wakafa kwa kiu. Kiongozi wa msafara alimshukuru kwa ushujaa wake na kumpa dira. Baadaye alikaa Marree, akapanda mitende, akafa mwaka 1957 akiwa mzee aliyeheshimiwa na pande zote mbili za reli. Kamusi kubwa ya wasifu wa watu wa Australia imemwekea mahali pake. Na mkewe? Imetajwa kuwa mwaka 1909 alimwoa mjane, Amelia Jane Shaw, wakapata mtoto mwanamume. Basi. Hatulaumu walioandika, maana angalau wamelitaja jina lake kamili, na wengi hawakupata hata hilo. Lakini fikirini ninyi wenyewe. Mjane kwa desturi ya Kiingereza hubeba jina la marehemu mumewe, kwa hivyo jina la mjane peke yake halitoshi kumfikisha mtafutaji mlangoni kwa baba yake. Ni lazima kwanza ampate mume wa kwanza, kisha arudi nyuma kwenye ndoa ile ya kwanza, ndipo alikute jina alilozaliwa nalo. Na huyo mtoto wa kiume, ambaye kila mtu aliyajua majina ya baba yake, alilelewa na mikono ya nani nyakati baba alipokuwa safarini na ngamia kwa wiki na miezi?

Vyeti vya serikali husaidia, lakini husaidia kwa bahati. Hapa pana jambo ambalo sisi tulipolisoma mara ya kwanza tulilisoma tena. Kila koloni la Australia lilikuwa na sheria yake ya kuandika vizazi, ndoa na vifo. New South Wales tangu mwaka 1856 iliandika cheti cha kifo chenye mambo mengi: marehemu kazaliwa wapi, kakaa nchini miaka mingapi, wazazi wake ni nani, kaolewa wapi na akiwa na umri gani, na majina ya watoto wake walio hai. Cheti kama hicho ni kama mzee aliyekaa barazani akakusimulia maisha ya mtu. South Australia haikufanya hivyo. Vyeti vyake vya kifo vya zama hizo ni vifupi, jina, umri, mahali na maradhi, na wazazi hawatajwi. Sasa mji wa Broken Hill, wenye msikiti wa mabati uliojengwa na waongoza ngamia, uko New South Wales, karibu sana na mpaka. Na Marree iko South Australia. Wanawake wawili waliokula chungu kimoja, mmoja akafia Broken Hill na wa pili akafia Marree: wa kwanza ameacha ukurasa, wa pili ameacha mstari. Tofauti yao ni mahali ambapo pumzi iliwaishia.

Wengine watasema, si kuna hesabu ya watu? Ilikuwako, lakini Australia karatasi nyingi za kila nyumba ziliharibiwa baada ya tarakimu kujumlishwa. Zimesalia chache, kama ya New South Wales ya 1828, na vipande vya 1841, nazo ni za kabla ya mwongoza ngamia hata mmoja kukanyaga huko. Serikali ilitaka kujua idadi, majina haikuyahitaji.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo huwaumiza vitukuu zaidi, na ndilo lililotufanya tuchague mfano huu kwa ukurasa wa nyumbani. Mtafutaji amelipata jina la bibi. Amepata cheti cha mtoto wake. Anatafuta cheti cha ndoa na hakioni. Anatafuta tena, chini ya kila tahajia, na hakioni. Mara nyingine katika cheti cha mtoto nafasi ya baba imeachwa tupu. Moyo wake unaingia unyonge, akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini mbele ya shangazi zake.

Asifanye haraka. Nikaha iliyofungwa msikitini au chini ya mti, na walii na mashahidi na mahari, haikuhesabiwa na serikali ile kuwa ni ndoa mpaka ifungwe na mtu aliyetambuliwa na sheria yake na iandikwe katika daftari lake. Wako waliofunga mara mbili, mbele ya karani na mbele ya shekhe, na hao ndio tunaowaona leo. Waliofunga mara moja tu, mbele ya Waislamu wenzao, kwa karani walikuwa hawakuoana. Basi kukosekana kwa cheti hakushuhudii uovu wa mtu. Kwa upande wa pili, na haki lazima tuiseme, hakushuhudii nikaha pia. Mtafutaji mwaminifu huiacha nafasi ile tupu katika shajara yake na kuandika pembeni: haijulikani. Sisi twaona kuna heshima kubwa katika neno hilo, na bibi aliyetuzaa hastahili kusingiziwa dhambi wala kutungiwa harusi.

Tulisema jina la Waafghani litarudi. Litarudi hapa, katika sheria ya uraia. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1870, mwanamke raia wa Kiingereza akiolewa na mgeni aliupoteza uraia wake na kuwa mgeni kama mumewe. Punjab na Sind zilikuwa chini ya Mwingereza, na mtu wa huko alihesabiwa raia wa Mfalme. Kabul haikuwa hivyo. Watazameni basi dada wawili waliozaliwa nyumba moja mjini Adelaide. Mmoja aolewe na Mwislamu wa Lahore, mwingine aolewe na Mwislamu wa Kandahar. Majirani watasema wote wawili wameolewa na Waafghani. Lakini wa kwanza amebaki raia, na wa pili amelala raia akaamka mgeni katika mji aliozaliwa, bila ya kupanda chombo cho chote. Mambo haya hayakuondoka mpaka sheria ya 1948. Wala mume wake hakuweza kuomba uraia ili wapone wote wawili, kwani sheria ya Australia ya 1903 iliwafungia mlango watu wa asili ya Asia na Afrika.

Ajabu ni kuwa dhulma hii mara nyingine humwachia mtafutaji alama. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa kanuni za mwaka 1916, wageni wote waliamriwa kujiandikisha. Na mke aliyefanywa mgeni na sheria huenda akakutikana humo, na umri wake na makazi yake. Na kinyume chake, mke aliyebaki raia huenda akaonekana katika daftari la wapiga kura. South Australia iliwapa wanawake kura kwa sheria ya 1894, kabla ya nchi nyingi za dunia. Lakini sheria ya Australia nzima ya 1902, iliyowapa wanawake haki hiyo, iliwanyima wenyeji wa asili na watu wa asili ya Asia. Ndipo hutokea katika nyumba moja mke ni mpigaji kura, na mume, mwenye ngamia na mali na ndevu nyeupe, hamo katika daftari kabisa. Kwa mara moja yeye ndiye anayeonekana.

Mwaka 1901 ilitoka sheria ya kuwazuia wasio Wazungu kuingia nchini. Afisa wa bandari aliweza kumsomea mtu maneno 50 ya imla katika lugha yo yote ya Ulaya aliyoichagua yeye afisa, na asiyeweza kuyaandika akarudishwa. Mwenye kukaa Australia akitaka kwenda kwao kuwazuru wazee, au kwenda kuhiji, aliomba hati ya kusamehewa mtihani huo kabla ya kuondoka, asije akafungiwa nje ya mlango wake. Hati hizo zimehifadhiwa katika hazina ya nyaraka ya taifa. Zina picha ya mtu kwa mbele na kwa ubavuni, na alama ya kiganja chake kilichopakwa wino. Mtihani wenyewe uliondolewa mwaka 1958. Zilitengenezwa kwa shaka na dharau, kama watengenezewavyo wafungwa. Lakini leo kitukuu anaufungua mkunjo wa jalada, akaukuta mkono wa babu wa babu yake, vidole vyote vitano, na kuweka wake juu. Na ndani ya jalada la mume huenda mkawa na jina la mke na idadi ya watoto, maana afisa alitaka kujua mtu huyu amefungwa na nini hata arudi. Bibi, kwa mara nyingine, yuko katika mfuko wa babu.

Yote haya ni ya mwanamke wa Kizungu. Bibi aliyekuwa mwenyeji wa asili, njia yake ni nyingine, na ni nzito zaidi kuisimulia.

Koloni la Queensland kwa sheria za 1897 na 1901, Australia ya Magharibi kwa sheria ya 1905, na South Australia kwa sheria ya 1911, ziliwaweka wenyeji wa asili chini ya afisa aliyeitwa Mlinzi. Katika Queensland na Australia ya Magharibi mwanamke wa wenyeji hakuweza kuolewa na mtu asiye wa kwao bila ya ruhusa ya ofisi hiyo. Mlinzi Mkuu alikuwa walii wa mtoto wao kisheria, mbele ya mama yake; na kwa uwezo huo watoto wakachukuliwa na kupelekwa katika vituo na nyumba za malezi, wengi wasirudi. Taarifa kubwa ya mwaka 1997 imeyaeleza hayo kwa ushahidi wa waliochukuliwa wenyewe. Basi mwongoza ngamia aliyetaka kumwoa mwanamke kama huyo kwa halali aliomba ruhusa, na waliokataliwa wakakaa kwa khofu, na mama akawafundisha watoto kujificha waonapo farasi wa polisi.

Mtu aliyekuwa akijificha hataki kuandikwa. Kwa hivyo mahali ambapo bibi huyu ameandikwa sana ni katika majalada ya ofisi iliyomkimbiza. Humo mna tabia yake kama alivyoiona askari, usafi wa nyumba yake kama alivyouona mkaguzi, weupe na weusi wa watoto wake umepimwa kwa sehemu za nusu na robo. Kitukuu anayaomba majalada hayo kwa kuwa hana mengine. Anayasoma na kutafuta, kati ya matusi, mahali palipoandikwa kwamba yule mama alikuja ofisini mara ya pili na ya tatu kuuliza mtoto wake yuko wapi. Afisa aliandika jambo hilo kama usumbufu. Msomaji wake wa leo halisomi hivyo.

Kuna hazina nyingine ya ajabu. Mtaalamu mmoja wa jumba la makumbusho la South Australia, Norman Tindale, alizunguka vituoni kwa miaka mingi, khasa katika safari ya 1938 na 1939 pamoja na Joseph Birdsell, akapima vichwa vya watu na kukata nywele zao na kuwapiga picha wameshika namba. Kazi ile ilikuwa ya kuwapima watu kama wapimwavyo wanyama. Lakini pamoja na kupima aliwauliza nasaba zao, akazichora: mama wa mama, baba wa mama, kabila, mahali. Karatasi zile ziko Adelaide hata leo, na jamaa huziomba. Ni shajara, ndugu zangu, na bibi wamo. Wala si jambo la kumbukumbu tu: tangu sheria ya mwaka 1993 ya haki za ardhi za wenyeji, jamaa wadaio ardhi ya wazee wao hutakiwa kuonyesha wanatokana na nani, na mara nyingi wa mwanzo kabisa katika mnyororo huo ni mwanamke mmoja mwenye jina moja. Ikiwa mumewe alikuwa Mwislamu wa Baluchistan na wajukuu walikwenda kwa jina la babu kwa miaka mia, basi wasipomjua bibi wamekwisha kupotewa na nchi pia.

Msomaji huenda akasema: lau wanawake hawa wangaliandika wenyewe, tabu yote hii isingalikuwako. Nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipofika kwa Winifred Steger.

Alizaliwa London mwaka 1882, akapelekwa Queensland angali mtoto, na baba yake akapata shamba lililosongwa na dungusi kakati. Akaolewa kijana, ndoa ikawa ya taabu, akamwacha mume na watoto wakabaki nyuma. Kisha akaishi na mchuuzi Mwislamu kutoka Bara Hindi, jina lake Ali, akazaa naye. Akawa dobi wa kufua nguo za watu katika nchi ile ya vumbi. Baada ya Ali kufariki akawa na Karum Bux, na mwaka 1927 wakasafiri pamoja hadi Makka kuhiji, safari ambayo wanawake wachache sana wa Kizungu walikuwa wameifanya. Aliporudi aliandika magazetini kwa jina la Bebe Zatoon. Waingereza walilisoma kama jina la kigeni la kupendeza. Sisi mara moja twasoma Bibi Zaituni. Mwaka 1969 akachapisha kitabu cha maisha yake, *Always Bells*, na mwaka 1981 akafariki.

Hapa basi pana mwanamke aliyekuwa na kalamu. Lakini mwandishi Hilarie Lindsay alipoyafuatia maisha yake kwa ajili ya kitabu alichokitoa mwaka 2002, aligundua ya kuwa katika yale aliyoyaandika Winifred, kweli na hadithi zimefumwa pamoja kama nyuzi za mkeka. Ilibidi kurudi kwenye vyeti na madaftari yale yale tuliyoyalalamikia. Sisi hatumlaumu bibi yule. Mwanamke aliyemwacha mume katika zama zile, akaacha watoto nyuma, akavuka kwenda kukaa na mtu wa rangi nyingine na dini nyingine, alikuwa na sababu ya kujisitiri. Na maneno mazuri ni sitara kama kitambaa kilivyo sitara. Ila mjukuu ajue: karatasi ya serikali humficha bibi kwa kutomjali, na bibi mwenyewe hujificha kwa kujali sana. Aziweke zote mbili mezani.

Wala karatasi haiaminiki kwa sababu ya anwani yake tu. Katika msikiti ule wa Broken Hill kulikuwa na kitabu kikubwa kilichodhaniwa kwa miaka mingi kuwa ni Kurani. Mwanahistoria Samia Khatun alipokifungua alikuta ni mashairi ya Kibengali, *Kasasol Ambia*, yaani visa vya Mitume. Watu wangapi walikipita kitabu kile kwa heshima bila ya kukifungua! Na Wabengali hawakuwa hata katika hesabu ya hao walioitwa Waafghani.

Zamani mtafutaji alilazimika kusafiri kwenda miji mikuu na kuomba ruhusa. Sasa magazeti ya zamani ya Australia, hata ya miji midogo ya machimboni, yamewekwa na maktaba ya taifa katika hazina iitwayo Trove, na mtu aweza kuyasoma akiwa nyumbani kwake. Humo bibi hukutikana katika mambo madogo: ameshtaki jirani kwa mbuzi, ameshinda tuzo ya mikate katika maonyesho ya mji, ameshukuru daktari. Aliandikwa "Bi. Fulani, mke wa Mwafghani". Lakini mbuzi alikuwa wake, na alisimama mbele ya hakimu, na maneno aliyoyasema yamechapwa. Twapenda khabari za mbuzi kuliko vyeti vyote.

Na bado kuna kuuliza wazee. Huko kama kwetu, wengi walianza kutafuta siku chache baada ya kumzika yule wa mwisho aliyejua. Sisi wenyewe, kwa kuandika ukurasa huu, tulimwuliza mzee wetu jina la mama wa bibi yake. Alisema, "Tukimwita Mama Mkubwa." Tukamwuliza jina lake la kuzaliwa. Akakaa kimya muda, kisha akasema atamwuliza dada yake, naye yuko hai bado, alhamdulillahi, na tumeweka nia ya kwenda kumwona Ijumaa.

Makaburi ya Marree yamegawanywa kama mji ulivyogawanywa: sehemu ya Wazungu, sehemu ya waongoza ngamia, na sehemu ya wenyeji wa asili. Mtafutaji hufika huko baada ya safari ndefu ya vumbi, na karatasi zake mkononi. Babu humpata upesi, kaelekezwa kibla. Kisha husimama na kuwaza: mwanamke aliyezaliwa upande ule wa reli, akaishi miaka arobaini upande huu, walimzika wapi? Huanza kwenye sehemu ya kwanza, akasoma mawe yanayosomeka. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu, ambako makaburi mengi hayana mawe.